Meneja wa besiboli si meneja tunayemfahamu: maisha mawili ya Frank Robinson

Mnamo Novemba 2024, Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers alipotangazwa kuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa ya besiboli ya Marekani, jina la mtu aliyefariki zaidi ya miaka 5 kabla lilirejea vinywani mwa watu. Ohtani alikuwa amekwisha kuitwaa tuzo kama hiyo mara mbili, 2021 na 2023, katika ligi pacha iitwayo Ligi ya Marekani, na hivyo akawa mchezaji wa pili tu katika historia kutunukiwa katika ligi zote mbili. Wa kwanza ni Frank Robinson. Msomaji wa Kiswahili aliyetaka kumjua Robinson huyo alikutana na maelezo kwamba alikuwa mpigaji hodari, kisha akawa meneja, tena meneja wa kwanza mweusi katika ligi kuu, na kwamba katika umeneja wake alishinda michezo 1,065 na kupoteza 1,176. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Meneja hushindaje mchezo? Na ikiwa alipoteza mingi kuliko aliyoshinda, anasifiwa kwa lipi?

Swali la kwanza ni la lugha. Katika soka la kwetu, meneja wa timu ni yule anayeshughulikia safari, hoteli, jezi na leseni za wachezaji. Hapangi kikosi, na timu ikifungwa hakuna anayemlaumu. Katika besiboli, meneja ndiye kocha mkuu. Ndiye anayepanga nani aanze, nani akae benchi, nani apige wa kwanza na nani wa tano, na timu ikipoteza ndiye wa kwanza kuulizwa. Wale wanaoitwa makocha katika besiboli ni wasaidizi wake: mmoja huwanoa watupaji, mwingine wapigaji, wengine wawili husimama kando ya kituo cha kwanza na cha tatu kuwaelekeza wakimbiaji. Juu yake yupo mtu mwingine kabisa, meneja mkuu, ambaye kazi yake ni usajili na mikataba. Huyu hukaa ofisini, huvaa suti, na kwa kawaida hakanyagi uwanjani wakati wa mchezo. Anayetafsiri neno kwa neno bila kulijua hili huwageuza watu watatu tofauti kuwa mmoja.

Aliyewahi kupika katika shughuli ataelewa haraka. Mwenye nyumba hutoa fedha, mtu mwingine hutumwa sokoni, na mpishi hupokea alicholetewa. Mchele ukiwa wa kuvunjikavunjika na nyama ikiwa mifupa mitupu, wageni hawamtafuti aliyekwenda sokoni. Wanamlaumu mpishi kwa pilau. Meneja wa besiboli ni mpishi huyo, na maisha ya Robinson hayaeleweki bila kumkumbuka aliyekwenda sokoni kila alipopewa sufuria.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga ukaangukia pasipo na mtu, hukimbilia kituo cha kwanza, na akifanikiwa kuvizunguka vituo vyote vinne timu yake hupata alama. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, pigo hilo huitwa homurani, naye huzunguka bila kusumbuliwa. Mchezo una awamu 9, na kila timu hupewa nafasi ya kupiga katika kila awamu. Ligi kuu ina matawi mawili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani, na mabingwa wake hukutana mwisho wa msimu katika fainali iitwayo World Series. Vijana wa Lugazi, Uganda, waliokwenda Pennsylvania mwaka 2012 wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto za mchezo huu, wangeyaeleza haya vizuri zaidi kuliko mimi.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo mzoefu wa soka huyasahau. La kwanza ni kwamba msimu una michezo 162, karibu kila siku kwa miezi sita, na sare haipo. Timu nzuri sana hupoteza michezo 60 na zaidi. Kwa mpigaji hali ni ngumu vivyo hivyo, kwani anayefanikiwa mara 3 katika kila majaribio 10 huhesabiwa bingwa. Besiboli basi ni mchezo wa kushindwa mara nyingi mno, na takwimu zake hazisomwi kwa jicho la mtu aliyezoea bingwa wa ligi aliyepoteza mechi mbili. La pili ni kwamba meneja huvaa jezi yenye namba mgongoni kama wachezaji wake, na anapotaka kumbadili mtupaji hutoka benchini, hutembea hadi kwenye kichuguu na kuuchukua mpira mkononi mwake, watu wote wakitazama. Mchezaji akishatolewa harudi tena katika mchezo ule.

Robinson alizaliwa Agosti 31, 1935, Beaumont, Texas, akakulia Oakland, California, ambako katika shule ya McClymonds alicheza mpira wa kikapu pamoja na Bill Russell, yule aliyekuja kuwa nguli wa Boston Celtics. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 20, alianza kuichezea Cincinnati Reds na kupiga homurani 38, akaifikia rekodi ya wakati huo ya mchezaji aliye katika msimu wake wa kwanza. Alikuwa na tabia ya kusimama karibu mno na njia ya mpira, jambo lililowakera watupaji, nao walimjibu kwa kumlenga: katika maisha yake yote ya uchezaji aligongwa na mpira mara 198. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akasimama palepale. Mwaka 1961 aliiongoza Reds hadi World Series na kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa.

Desemba 1965 aliyekuwa akiimiliki Reds, Bill DeWitt, alimbadilisha Robinson kwa wachezaji watatu wa Baltimore Orioles, akidai kwamba kwa mtu wa miaka 30 Robinson alikuwa amekwisha kuzeeka. Sidhani kama katika historia ya mchezo huu yapo maneno mengi yaliyomrudia msemaji wake haraka kiasi hicho. Mwaka uliofuata, 1966, Robinson aliongoza Ligi ya Marekani kwa wastani wa upigaji, yaani mafanikio 316 katika kila majaribio 1,000, kwa homurani 49, na kwa kuwawezesha wenzake au yeye mwenyewe kufunga alama 122. Anayeongoza hesabu zote tatu katika msimu mmoja husemwa kuwa ametwaa Mataji Matatu, na wanaoyatwaa ni wachache mno. Mei mwaka huohuo aliupiga mpira ukatoka kabisa nje ya uwanja wa Memorial wa Baltimore, na mahali ulipopitia pakawekwa bendera yenye neno moja tu, "HAPA". Orioles waliwashinda Dodgers michezo 4 kwa 0 katika World Series, Robinson akawa Mchezaji Bora wa ligi na wa fainali. Mwaka 1970 waliutwaa tena ubingwa, na waliofungwa safari hiyo walikuwa Reds walewale.

Hapa niondoe mchanganyiko mmoja wa majina. Katika kikosi hicho cha Baltimore kulikuwa na Robinson mwingine, Brooks, mlinzi mashuhuri wa kituo cha tatu, ambaye alikuwa mzungu. Naye Jackie Robinson, aliyeuvunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, ni mtu wa tatu. Hawana udugu wowote, ingawa Frank na Jackie wataunganishwa na historia, kama tutakavyoona.

Umeneja wa Frank haukuangukia mapajani mwake. Wengi hudhani kwamba mchezaji mkubwa anapostaafu hukabidhiwa timu kwa heshima ya jina lake. Ukweli ni kwamba mastaa wengi hawajawahi kukabidhiwa chochote, na mweusi ndiye aliyekuwa wa mwisho kufikiriwa. Robinson alikwenda kuitafuta kazi. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 1968, wakati wenzake wakipumzika, alikuwa Puerto Rico akiiongoza klabu ya Santurce katika ligi ya huko, msimu baada ya msimu. Huko ndiko alikojifunza kumkalisha benchi mtu aliyedhani hastahili kukaa, kumtoa mtupaji aliyesema hajachoka, na kuzungumza na vijana waliokuja na lugha nyingine. Hata Baltimore, akiwa bado mchezaji, aliendesha mahakama ya mzaha chumbani baada ya ushindi, akivaa tambara la kupigia deki kichwani kama wigi la jaji na kuwatoza faini wenzake kwa makosa ya kizembe ya mchezoni. Utani ule ulikuwa na kazi yake, kwa maana kosa lililosemwa kwa kicheko leo halikurudiwa kesho.

Oktoba 15, 1972, katika mchezo wa World Series uliochezwa Cincinnati, Jackie Robinson aliheshimiwa kwa kutimiza miaka 25 tangu aingie ligi kuu. Alishukuru, kisha akasema hadharani kwamba angefurahi zaidi siku atakapomwona mtu mweusi akiongoza timu. Siku 9 baadaye alifariki. Mwisho wa msimu wa 1974 Cleveland Indians, ambao walikuwa wamemchukua Robinson mwezi Septemba, walimtangaza kuwa meneja wao kwa mwaka 1975. Ilikuwa imepita miaka 28 tangu Jackie aingie uwanjani. Katika muda huo wachezaji weusi walikuwa wametwaa tuzo za Mchezaji Bora mara nyingi, kwa hiyo anayeeleza kwamba hapakuwa na mtu mwenye uwezo ana kazi kubwa mbele yake. Larry Doby, mchezaji mweusi wa kwanza wa Ligi ya Marekani na mmoja wa makocha wa Cleveland mwaka huo wa 1974, alisubiri hadi 1978 kupata timu ya Chicago White Sox, akawa wa pili.

Aprili 8, 1975, mbele ya watu zaidi ya 56,000 na katika baridi kali, mjane wa Jackie, Rachel Robinson, alirusha mpira wa ufunguzi Cleveland. Mkataba wa Frank ulimtaka awe meneja na mchezaji kwa wakati mmoja. Alijipanga kama mpigaji mteule, nafasi iliyoanzishwa katika Ligi ya Marekani mwaka 1973 ambayo humruhusu mtu kupiga bila kucheza ulinzi, na katika jaribio lake la kwanza kabisa alimpiga mtupaji Doc Medich wa New York Yankees homurani. Cleveland walishinda 5 kwa 3. Picha ya siku hiyo ndiyo inayorudiwa kila mara, na ni haki yake, lakini naona yaliyofuata yana mafunzo zaidi kwa anayetaka kuielewa kazi ya meneja.

Fikiria hali aliyokuwa nayo. Alikuwa mchezaji mwenye umri wa miaka 39 aliyekaribia mapigo salama 3,000, yaani mapigo yaliyomfikisha kituoni, na homurani 600, namba mbili ambazo katika besiboli humpa mtu nafasi ya milele miongoni mwa wakubwa. Na aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani acheze kila siku alikuwa yeye mwenyewe. Mwingine angejipanga kila siku na hakuna ambaye angemkataza. Robinson alijipanga katika michezo 49 tu mwaka 1975 na 36 mwaka 1976, akiwapa nafasi vijana aliowaona wanafaa zaidi au wanaohitaji kukua. Alistaafu uchezaji akiwa na mapigo salama 2,943 na homurani 586, wa nne katika historia kwa homurani wakati huo, nyuma ya Hank Aaron, Babe Ruth na Willie Mays. Mapigo 57 yalimpungukia, na homurani 14. Meneja alimkalisha benchi mchezaji, na wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Cleveland haikuwa timu tajiri wala yenye vipaji vingi. Alivutana na baadhi ya wakongwe, hasa mtupaji Gaylord Perry, aliyehamishwa Juni 1975. Msimu wa kwanza ulimalizika kwa ushindi 79 na vipigo 80, wa pili kwa 81 na 78, na Juni 1977 akaachishwa kazi. Meneja wa kwanza mweusi akawa pia meneja wa kwanza mweusi kufukuzwa, jambo ambalo kwa namna yake lilionyesha kwamba sasa anapimwa kwa mizani ileile ya wenzake. Mwaka 1981 San Francisco Giants walimchukua, akawa wa kwanza mweusi kuongoza timu ya Ligi ya Taifa pia. Mwaka 1982, mwaka uleule alioingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli pamoja na Hank Aaron, Giants walishinda michezo 87 na kumaliza nyuma ya Atlanta Braves kwa michezo 2 tu. Agosti 1984 akaondoka.

Aprili 1987 kiongozi mmoja wa Dodgers, Al Campanis, alisema katika televisheni kwamba huenda weusi hawana sifa zinazohitajika kwa kazi ya umeneja. Wakati huo ligi kuu nzima haikuwa na meneja mweusi hata mmoja. Campanis alijiuzulu baada ya siku chache.

Mwaka uliofuata ulileta mfano ambao ningemwonyesha mtu yeyote anayepima mameneja kwa hesabu za mwisho peke yake. Baltimore Orioles walianza msimu wa 1988 kwa kupoteza michezo 6 mfululizo, wakamfukuza meneja Cal Ripken Sr., ambaye wanawe wawili walikuwa wachezaji wa timu hiyohiyo, na mikoba akairithi Robinson. Orioles wakapoteza michezo mingine 15. Hiyo ni michezo 21 tangu msimu kuanza bila kuonja ushindi, rekodi ambayo hakuna anayeitamani. Walipata ushindi wa kwanza Aprili 29 huko Chicago, 9 kwa 0, na waliporejea nyumbani walipokewa na mashabiki zaidi ya 50,000, sijui kwa mapenzi au kwa huruma, pengine vyote. Msimu ulimalizika kwa ushindi 54 na vipigo 107.

Mwaka 1989, mpishi yuleyule, akiwa na kikosi kilichojaa vijana wa mishahara midogo, alishinda michezo 87 na kupoteza 75, akatunukiwa kuwa Meneja Bora wa Ligi ya Marekani. Waliowazuia kutwaa ubingwa wa kanda yao ni Toronto Blue Jays, kwa tofauti ya michezo 2, na meneja wa Toronto alikuwa Cito Gaston, naye mweusi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu maneno ya Campanis. Gaston aliutwaa ubingwa wa World Series mwaka 1992, meneja mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Robinson hakuufikia kamwe akiwa meneja. Robinson wa 1988 na Robinson wa 1989 alikuwa na ujuzi uleule. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya kapu la sokoni.

Orioles walimwondoa katika umeneja Mei 1991 na kumfanya msaidizi wa meneja mkuu, kwa hiyo safari hii yeye mwenyewe alihamia upande wa sokoni. Baadaye alifanya kazi katika ofisi kuu ya ligi, ambako miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwaadhibu wachezaji waliovunja kanuni, kazi iliyomfaa jaji wa zamani wa tambara la deki. Kutoka hapo alitumwa mwaka 2002 kuiongoza Montreal Expos, klabu iliyokosa mwenyewe kiasi kwamba ilimilikiwa na ligi, maana yake na klabu zilizokuwa zikishindana nayo. Chini ya bajeti hiyo ya yatima alishinda michezo 83 na kupoteza 79 mwaka 2002, kisha idadi ileile mwaka 2003, ingawa mwaka huo wa pili sehemu ya michezo ya nyumbani ilichezwa San Juan, Puerto Rico. Septemba 2003, wakati timu nyingine ziliruhusiwa na bajeti zao kuongeza wachezaji wa akiba kutoka ligi ndogo, Expos walikataliwa fedha hizo. Ni kama kumwondolea mpishi kuni wakati sufuria inachemka. Klabu ilihamia Washington mwaka 2005 na kuitwa Nationals, ikashinda 81 na kupoteza 81, na mwisho wa 2006 Robinson akaondoka, akiwa na umri wa miaka 71.

Ukizijumlisha zile 1,065 na 1,176 utaona ni asilimia 47 na ushei, chini kidogo ya nusu. Hesabu ni sahihi. Lakini ndani yake mna Cleveland isiyo na fedha, Baltimore iliyokabidhiwa ikiwa imekwisha kuanguka, na Montreal isiyo na mwenyewe. Hakuna klabu hata moja aliyopewa ikiwa tayari imekamilika. Reds, Orioles na Indians wote waliistaafisha jezi yake namba 20, Cleveland wakamchongea sanamu mwaka 2017, na alifariki Februari 7, 2019, Los Angeles, akiwa na miaka 83.

Wachezaji wake wengi walimweleza kuwa mtu mkali. Mei 25, 2006, huko Washington, wadakaji wake wa kwanza na wa pili, yaani wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa mtupaji, hawakuwepo, ikabidi ampange Matt LeCroy, mtu mzito ambaye udakaji haukuwa kazi yake ya kila siku. Wakimbiaji wa Houston Astros waligundua udhaifu huo na kumwibia vituo 7, yaani kusogea mbele kabla mpira haujapigwa, naye LeCroy alirusha ovyo mara mbili. Katika awamu ya saba Robinson hakuisubiri awamu iishe, kama heshima ya mchezo inavyoelekeza, bali alimtoa palepale mbele ya watu. Nationals walishinda 8 kwa 5. Alipokuja kuzungumza na waandishi baada ya mchezo, yule aliyegongwa na mpira mara 198 bila kusogea alilia machozi kwa sababu ya alichomtendea kijana wake. LeCroy alisema kwamba hata baba yake mzazi angekuwa meneja siku ile, angemtoa vilevile.